Kaimu kwa Miaka Sita

Jumanne, 3 Machi

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepoa na wajukuu hawakusumbui sana.

Nina jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote. Ni mimi ninayejaza fomu za shule ya mama.

Sisemi kwamba namsaidia kujumlisha. Nazijaza zote, ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho: wavulana wangapi, wasichana wangapi, madawati mazima, madawati mabovu, matundu ya vyoo, walimu waliopo darasani na walimu waliopo kwenye karatasi tu. Nilianza miaka miwili iliyopita, Jumapili moja mchana. Mama alizitandaza mezani, akaandika tarehe, kisha akalala pale pale, shavu likiwa juu ya idadi ya madawati. Zilitakiwa kesho yake asubuhi. Nilizivuta polepole nikazimalizia. Alipoamka akazitazama, akasema, "Mwandiko wako ni mzuri kuliko wangu," akatia sahihi. Hatukuzungumza zaidi. Tangu siku hiyo kila robo mwaka ananiwekea mezani bila neno, nami namrudishia bila neno. Zimefika fomu nane.

Sasa kosa langu. Ukurasa wa kwanza, mstari wa nne, pana nafasi ya kuandika cheo cha anayeongoza shule. Mama mwenyewe alikuwa akiandika "Kaimu Mwalimu Mkuu". Nilipofika hapo siku ile ya kwanza, nililitafuta neno kaimu kwenye kamusi (usicheke). Linasema ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine kwa muda. Kwa muda! Yule mwalimu mkuu wa zamani alihama nikiwa darasa la nne, na leo niko kidato cha tatu. Nikaona neno lile ni dharau, tena dharau ambayo mama anajiandikia kwa mkono wake. Nikaliacha. Niliandika "Mwalimu Mkuu" kwa herufi nzuri, nikajisikia nimempa zawadi ambayo hataijua. Nikaliacha mara nane.

Ijumaa iliyopita mama alikwenda ofisi ya elimu. Walimu wakuu walikuwa wamesikia kwamba mwaka huu, baada ya kulalamika sana, ofisi itawathibitisha makaimu wote na kuwalipa posho ya madaraka kama wanavyostahili. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni. Mama aliisoma mara tatu, shule yake haipo. Alirudi saa kumi, akakaa kitini akaanza kufungua kamba za viatu, na akanisimulia hivi, neno kwa neno:

"Nikamuuliza karani, mbona shule yangu haipo? Akasema, hii ni orodha ya shule zisizo na mwalimu mkuu, yako inaye. Nikamuuliza, ni nani huyo, maana mimi sijamwona. Simu yake ilikuwa inaita. Akanitazama, akacheka, akasema, 'Si wewe, mama!' Akapokea simu yake."

Kisha mama akasema, "Si mimi. Wamempa mtu mwingine shule yangu, na karani anacheka."

Mama Mkubwa, unaona? Mama alisikia kwamba siye yeye. Lakini karani alimaanisha kwamba ni yeye, nani tena! Alikuwa anashangaa mtu anayejiulizia mwenyewe. Kwenye karatasi zao mama ni mwalimu mkuu kamili, kwa sababu mimi ndivyo nilivyoandika. Ndiyo maana hayumo kwenye orodha ya kupandishwa.

Nilisimama pale na kikombe cha maji mkononi. Nilijua, na sikusema. Nilisema, "Pole, mama." Akamaliza kufungua kiatu kimoja, akalala na kingine mguuni.

Chini ya orodha wameandika kwamba masahihisho mwisho ni tarehe 31 mwezi huu. Nakuomba umwandikie wewe umweleze. Wewe ni mkubwa wake, hatakukasirikia. Ningekupigia simu lakini najua simu na masikio yako hayapatani.

Mtoto wako,
Kamusi


Jumamosi, 7 Machi

Kamusi wangu,

Marahaba. Goti lipo, linapiga kelele kuliko wajukuu.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni, nikaunguza sufuria. Kwanza ngoja nikueleze jinsi mambo yanavyokwenda, maana wewe ni mtu wa kutaka kujua. Pale ofisini kuna chumba cha takwimu na kuna chumba cha mishahara. Vimetenganishwa na ukuta mmoja na havisalimiani. Chumba cha takwimu kinasoma fomu zako, kinasema shule ina mkuu. Chumba cha mishahara kina jalada la mama yako, kinasema ni mwalimu wa kawaida. Kwa hiyo akidaiwa kazi anadaiwa kama mkuu, na mwisho wa mwezi analipwa kama mwalimu. Hukuianzisha wewe hali hiyo, mwanangu. Miaka minne kabla hujashika kalamu ilikuwa hivyo hivyo. Ila mlango ulipofunguliwa safari hii, fomu zako ndizo zilizouegemea. Sitakudanganya.

Mimi niliongoza shule miaka kumi na tisa. Sikuwa na karani, sikuwa na mhasibu, mlinzi nilikuwa naye mpaka alipooa akahama. Niliandikisha watoto, nilizibua mabomba, niliamua ugomvi wa walimu wanaogombea mume asiyefaa, nilifundisha vipindi vyangu, na mtoto akianguka na kuzirai nilikuwa daktari mpaka daktari apatikane. Nilistaafu na mshahara wa mwalimu na mgongo wa mchukuzi. Unajua ni mara ngapi niliandika barua kudai haki yangu? Hata moja. Nilidhani nikichapa kazi wataona. Hakuna aliyekuwa anatazama.

Kwa hiyo ombi lako nalikataa. Sitamwandikia. Nikimwambia mimi, atakusamehe upesi kwa heshima yangu, na nyinyi wawili mtaendelea kupitishiana karatasi bila neno kama mnavyofanya. Mdomo unao. Najua ni mzito, ulikuwa mzito hata ulipokuwa mdogo. Ulikuja kwangu likizo ukakaa siku mbili nyuma ya kabati na kitabu, nikadhani umepotea, nikaita majirani. Lakini unao.

Mwambie kabla ya tarehe 31. Mwambie mapema, ili abaki na siku za kukukasirikia na bado awahi ofisini.

Mama yako Mkubwa


Jumatatu, 9 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Samahani kwa kimya. Naandika hii ofisini, yaani chumba cha stoo chenye meza, wakati wa mapumziko. Nje kuna mzazi ananisubiri anitukane, nimemwambia dakika kumi.

Dada, nimechoka. Sijui kulisema kwa namna nyingine. Leo nimefika nikakuta pampu imekufa tena. Mwalimu wa darasa la pili yuko likizo ya uzazi na hakuna wa kushika nafasi yake, nimeunganisha darasa la pili na la tatu, watoto mia moja na kumi na wawili, nikawafundisha mimi mpaka saa nne. Kuna mtoto amekatika kidole na dawati bovu. Ofisi imeleta ujumbe inataka taarifa ya lishe leo leo kabla ya saa tisa. Na mkaguzi akija ataniuliza mbona andalio langu la somo la hisabati halijakamilika.

Mwezi wa kwanza, kwenye kikao cha walimu wakuu, nilisimama. Unanijua, mimi si msemaji. Nilisema, "Mnatulipa kama walimu na mnatuhoji kama wakurugenzi." Watu wakapiga makofi. Nikasema mkuu wa shule apewe mshahara wa kazi anayoifanya, apewe karani, na awepo mtu wa kumpigia simu siku inapomwelemea, mtu asiyeanza kwa kuuliza taarifa iko wapi. Afisa alikuwa akiandika kwenye daftari lake. Nilifurahi, nikadhani anaandika niliyosema. Sasa najua alikuwa anaandika jina langu.

Maana makaimu wengine wamewekwa kwenye orodha, mimi sipo. Nimekwenda kuuliza, wanasema shule ina mkuu. Ni nani? Si wewe. Ndivyo nilivyojibiwa, kwa kicheko, mbele ya watu. Kwa hiyo kuna mtu ameshapangwa, atakuja siku moja na begi lake, nami nitamkabidhi funguo mbele ya wanafunzi.

Sitasubiri siku hiyo. Nimeandika barua ya kuomba kuachia ukaimu na kurudi darasani. Ni aya mbili tu. Iko kwenye mkoba. Nataka niipeleke wiki hii.

Mtoto hajui. Ana mitihani. Na nina aibu nyingine nikuambie: fomu za takwimu ananijazia yeye. Mtoto wa shule, Jumapili yake nzima. Mimi natia sahihi hata bila kusoma, kwa sababu nikianza kusoma nitalazimika kukiri kwamba kazi hii imenishinda mpaka nimemtwika mwanangu. Ni makini kuliko mimi, hajawahi kukosea hata nukta. Nikirudi darasani nitamrudishia Jumapili zake. Hilo peke yake linanitosha.

Mzazi anagonga mlango kwa mwavuli.

Mdogo wako


Ijumaa, 13 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Usiipeleke hiyo barua.

Sikukatazi kuacha. Mtu ana haki ya kutua mzigo, na kama nawe umefika mwisho, tua, sitakuona mnyonge. Ninachokuomba ni usiipeleke kabla ya tarehe 23. Usiniulize kwa nini. Nina sababu ambayo si yangu kuisema, na unajua siri nyingi zinanitoka, hii naishikilia kwa mikono miwili.

Na siku mtoto akikutafuta kwa maneno, acha unachokifanya. Hata kama ni taarifa ya lishe.

Makofi uliyopigiwa kwenye kikao yalikuwa ya kweli. Ningekuwapo ningepiga mpaka viganja viwake. Miaka yangu yote hakuna aliyesimama kusema vile, nikiwamo mimi.

Dada yako


Jumapili, 15 Machi

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Sijamwambia.

Nimejaribu mara tatu. Jumatano nilimsubiri mlangoni nikiwa nimeyapanga maneno kichwani, ya kwanza mpaka ya mwisho. Akaingia na simu sikioni, mzazi wa mtoto aliyekatika kidole, na simu ile haikuisha mpaka maneno yangu yakapoa. Ijumaa nilianza kabisa. Nikasema, "Mama, kuhusu zile fomu." Akasema, "Najua, mwanangu, najua, nisamehe, karibu nitakupumzisha." Anisamehe yeye?

Jana ndiyo iliyonitisha. Tulikuwa tunachambua mchele. Akaniuliza kama mtu anayetania, "Utaona vibaya mama yako akirudi kuwa mwalimu wa darasa tu?" Nikamuuliza, "Kwani wamesema urudi?" Akasema, "Hapana, naota tu." Lakini alikuwa akitoa chembe nzima anaziweka upande wa mawe.

Usiku wa kuamkia leo niliamua kumwandikia Afisa Elimu barua kwa niaba ya mama, kwa mwandiko ule ule wa fomu, nieleze kila kitu, niweke jina lake chini. Niliiandika asubuhi hii. Ilikuwa nzuri sana, Mama Mkubwa, kurasa mbili. Kisha nikaona ninachokifanya. Ni kile kile. Namwandikia mama maisha yake bila kumwambia. Nikaichana, nikaitia kwenye jiko.

Kwa nini kuandika ni rahisi hivi, na kusema ni kama kumeza jiwe? Naomba unisaidie hata sentensi ya kwanza tu. Nyingine nitazitafuta.

Kamusi


Jumatano, 18 Machi

Kamusi,

Sentensi ya kwanza: "Mama, nimekosa."

Ya pili haina haja ya kutafutwa. Subiri wakati ambao mikono yenu wote wawili ina kazi, macho yasikutane sana. Na ufanye haraka. Mama yako naye ana jambo lake kwenye mkoba, na zaidi ya hapo sisemi.

Mama Mkubwa


Jumanne, 24 Machi

Dada,

Shikamoo. Kumbe ulijua! Kumbe wiki mbili nzima umekaa na barua zetu sote, wewe ndiye uliyekuwa sanduku letu la posta. Ningekuwa karibu ningekugombeza kwanza, kisha ningekukumbatia.

Jumapili tulikuwa tunakamua shuka, yeye ncha hii, mimi ncha ile, tunaisokota. Ghafla akasema, "Mama, nimekosa." Nikajua ni mimba. Kisha akasema, "Yule karani aliposema si wewe, alikuwa anasema ni wewe." Nikajua ni homa. Nikaachia shuka ikaanguka matopeni, nikamshika paji la uso. Ndipo yakamtoka yote, upesi upesi, akiitazama shuka.

Nilikaa juu ya ndoo. Nilicheka kwanza, sijui kwa nini, nilimkumbuka yule karani wa watu ambaye nimemlaani siku zote hizi. Halafu nikakasirika. Nilimwambia maneno makali. Nilimwambia, "Neno hilo nimelibeba miaka sita, unafikiri nalipenda? Lakini ndilo ushahidi pekee nilio nao!" Akasema, "Lilikuwa linakudharau." Nikamwambia, "Linawaumbua wao, si mimi." Akalia bila sauti, unamjua anavyolia. Baadaye nikamuuliza, "Sahihi kwenye zile fomu ni ya nani?" Akasema, "Yako." Nikasema, "Basi tumekosa wote."

Tuliifua shuka upya.

Jana nilikwenda ofisini. Karani alinikumbuka, akasema, "Mama, ulinishangaza siku ile, ulikuwa unajitafuta wapi?" Tukacheka mpaka wa chumba cha mishahara wakachungulia. Amepokea masahihisho, akaniandika kwa kalamu chini kabisa ya orodha, namba kumi na mbili. Lakini afisa alitoka akasema nisijipe matumaini makubwa. Alisema takwimu zinaonyesha shule zisizo na wakuu ni chache, kwa hiyo fungu lililoombwa ni dogo, na hadhani kama litafika namba kumi na mbili. Nikamwambia, "Mheshimiwa, kwenye kikao makaimu tulikuwa zaidi ya ishirini." Akasema, "Fomu hazisemi hivyo."

Nimerudi nikifikiria hilo neno. Wengine wako wapi?

Barua yangu ya aya mbili bado iko kwenye mkoba. Sijaichana, sitaki kukudanganya. Nimeandika nyingine, ya sisi sote, kumtaka afisa atuhesabu upya. Sijui nitaipeleka lini kwa wenzangu. Siwezi kutoka shuleni hata saa moja, pampu bado, na darasa la pili na la tatu bado ni langu. Mtoto anasema ataizungusha yeye. Yeye, ambaye akitumwa dukani huandika kikaratasi ampe muuzaji!

Mdogo wako


Jumatano, 1 Aprili

Mama Mkubwa mpendwa,

Shikamoo. Mama anasema alikusimulia mpaka mahali pa barua ya pamoja. Nakueleza nilichofanya baada ya hapo.

Barua aliiandika mama mwenyewe. Nilisahihisha herufi mbili, kwa ruhusa. Inaomba mambo manne: kaimu asikae zaidi ya miezi sita bila kuthibitishwa au kupumzishwa, alipwe posho ya madaraka tangu siku ya kwanza anapopewa funguo, kila shule iwe na karani, na ofisi iwe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuwasaidia walimu wakuu na si kuwakagua. Mwisho inaomba makaimu wahesabiwe upya, shule kwa shule. Mama aliniandikia majina ya shule tisa ninazoweza kufika.

Shule ya kwanza nilikwenda Jumatano baada ya masomo. Nilisimama getini kwa muda mrefu hadi mlinzi akaniuliza kama nimefukuzwa. Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke mnene mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Nilimpa barua, na nilitaka ajisomee nami ninyamaze. Lakini miwani yake ilikuwa imevunjika. "Nisomee," akasema. Nikamsomea. Nilipomaliza nikamweleza kosa langu la fomu, kwa sababu mama alisema niwaombe wote waangalie nakala zao, na bila kueleza sababu isingeeleweka. Akafungua kabati, akatoa nakala, nikatazama mstari wa nne. Neno kaimu halikuwapo. Nikamuuliza ni nani aliyejaza. Akasema, "Mimi." Kisha akasema polepole, "Wakwe zangu waliwahi kuiona moja. Niliona haya."

Shule ya tatu mwalimu mkuu alikuwa amelala chini ya tangi la maji na spana mkononi, miguu tu inaonekana. Niliongea na miguu. Kusema kweli ilikuwa rahisi zaidi. Yeye ameliacha neno hilo mwaka wa tatu sasa, kwa sababu, anasema, nafasi ya kuandikia ni fupi na jina la shule yake ni refu. Alitia sahihi kwa mkono wenye grisi na akaomba radhi kwa barua kuchafuka.

Mwingine alinifokea. Alisema yeye si ombaomba, na mama yangu atamponza. Nilitoka. Nilipofika barabarani mwanafunzi mmoja alinikimbilia akasema nirudi. Nilirudi. Mwalimu mkuu alikuwa ameketi, hakunitazama, akasema, "Ilete." Fomu zake zilikuwa sahihi, kila moja ina neno kaimu, miaka minane. Na bado hayumo kwenye orodha. Hakuna anayejua kwa nini.

Katika shule tisa, tano hazikuwa na neno hilo. Mbili nilikuta ofisi zimefungwa, nikarudi Jumamosi. Mmoja hakutia sahihi, alisema anastaafu mwezi wa sita na anataka kuondoka kwa amani. Mama alisema nisimlaumu, na simlaumu.

Jioni ya Jumapili nilimwonyesha mama sahihi nane, ya tisa yake. Alisema, "Huyu wa grisi nilisoma naye chuo. Alikuwa anaimba." Kisha akaenda kulala, ilikuwa bado saa moja.

Jumatatu tarehe 30 nilimwomba mwalimu wangu wa darasa ruhusa ya vipindi viwili. Aliniuliza nakwenda wapi, nikamwambia. Akanipa ruhusa, na akaniuliza kama walimu wa kawaida nao wanaweza kuandika ya kwao.

Ofisini watu walikuwa wengi, nikapanga foleni. Zamu yangu ilipofika nilimpa karani barua na nakala zake. Aliisoma yote. Akaniuliza, "Na wewe ni nani kwenye mambo haya?" Watu nyuma yangu walikuwa wanasikiliza. Nikasema, "Mimi ndiye niliyekosea fomu za shule ya mama yangu. Hizi shule nyingine tano zilikosewa na wenyewe. Na hii moja haikukosewa na bado haimo." Nilifika mwisho wa sentensi. Karani aliingia chumba cha afisa na barua, mlango ukabaki wazi kidogo. Nilimsikia afisa akisema, "Zote hizi?"

Karani alirudi peke yake. Alisema afisa ameipokea, atawaandikia majibu, hajui lini, na hawezi kuniahidi kitu. Nikaomba anigongee mhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala zetu, kwa sababu mama aliniagiza nisitoke bila mhuri. Akazigonga zote, moja moja.

Mama hajathibitishwa. Ile barua yake ya aya mbili amenionyesha, amesema atasubiri majibu mpaka mwisho wa muhula, kisha ataamua, na safari hii ataniambia akiamua. Jumapili ijayo kuna fomu mpya. Tumekubaliana tutaijaza pamoja, yeye anasoma, mimi naandika, na atasoma tena kabla ya kutia sahihi.

Nilitoka ofisini saa nne na nusu. Nilikwenda kwa miguu mpaka shule mbili zilizo karibu, nikawapa nakala zao. Yule wa wakwe aliibandika ukutani hapo hapo, juu ya ratiba. Kisha nikarudi shuleni, nikagonga mlango wa darasa, nikaomba radhi kwa kuchelewa, nikakaa.

Mtoto wako,
Kamusi